NYUMBA YA KUPANGA KWA BEI NDOGO: MUJI WA WIEN UNATUFUNDISHA NINI?



Katika saa ya masomo ya uraia, mwanafunzi mumoja wa mwaka wa tatu aliuliza ulizo ambalo lilitushinda sisi wote: « Mwalimu anapata mushahara kila mwezi, muuguza anapata, karani wa biro anapata. Juu ya nini basi hawa watu wenye kazi wanashindwa kupata nyumba karibu na kazi yao? » Wengine walicheka, wakasema mushahara ni mudogo tu, habari imekwisha. Lakini habari haijakwisha. Kuko miji ambamo mishahara ni mikubwa sana kuliko yetu na watu wale wale wanalia vile vile. Tena kuko muji mumoja ambamo wanalia kidogo kuliko pengine, na kazi ya kufika pale ilianzishwa wakati muji ule ulikuwa masikini na wenye njaa. Nitaeleza jambo hili polepole, hatua kwa hatua, na hesabu kidogo. Musiogope hesabu.

1. MUTU WA KATIKATI NI NANI?

Tuseme kuko watu wa namna tatu. Wa kwanza ni tajiri: anajenga yake, hana shida. Wa pili ni masikini kabisa: yeye anastahili musaada, hata kama mara nyingi haupati. Wa tatu ni mutu wa katikati. Anatumika, anavaa shati safi, watoto wake wanasoma, majirani wanamuita « Bwana ». Hakuna mutu anayemuhurumia. Lakini feza yake haitoshi kununua lupango na kujenga, na kila mwezi sehemu kubwa ya mushahara inaingia katika mufuko wa mwenye nyumba, yule tunayemuita bayere.

Watu wenye kujua mambo ya nyumba wanasema kwa kawaida kwamba malipo ya nyumba yasipite sehemu moja kwa tatu ya mapato. Tufanye mufano. Mutu anapata dola 180 kwa mwezi. Sehemu moja kwa tatu ni dola 60. Kama nyumba ya vyumba viwili karibu na kazi inaombwa dola 90, ni nusu nzima ya mushahara. Kunabaki dola 90 ya unga, makala, minervali, dawa na nguo. Basi atafanya nini? Atahamia mbali, pahali nyumba iko ya dola 45. Lakini huko kuna safari ya kwenda na kurudi kila siku, na feza aliyoiokoa katika nyumba anaiacha katika basi. Tena anafika amechoka.

Na mbele ya kuingia kuko garanti. Sheria namba 15/025 ya tarehe 31 desemba 2015 inasema garanti ya nyumba ya kukaa isipite miezi mitatu. Lakini kila mutu anajua kwamba wenye nyumba wengi wanaomba miezi sita ao zaidi, na anayekataa anaambiwa: « Wengine wako nyuma yako. » Kwa nyumba ya dola 90, miezi sita ni dola 540. Ni mushahara wa miezi mitatu nzima wa yule mutu wetu, bila kula!

Jambo hili linatugusa sisi wanafunzi moja kwa moja. Mwalimu akihamia mbali, saa ya kwanza inapotea. Akipata kazi ingine karibu na nyumba ya bei ndogo, anaacha masomo katikati ya mwaka, na sisi tunabaki na somo la chimie bila mwalimu. Vilevile muzazi akifukuzwa katika nyumba mwezi wa pili, mutoto anabadilisha masomo mwezi wa pili. Wengi kati yenu munajua hayo kuliko mimi.

2. BEI YA NYUMBA INATOKA WAPI?

Watu wengi wanawaza kwamba bei inatoka tu katika roho mbaya ya mwenye nyumba. Si hivyo kila mara. Tuivunje bei kama vile tunavunja tofali, tuangalie ndani.

Ndani yake kuko vitu vine: (a) bei ya udongo, ni kusema lupango, (b) bei ya kujenga, ni kusema simenti, manjanja, mbao, na mikono ya mafundi, (c) riba, ni kusema faida ambayo banki ao mukopeshaji anaomba juu ya deni, (d) faida ya mwenyewe, pamoja na feza ya kutengeneza kile kinachoharibika.

Sehemu ambayo watu hawaioni ni ile ya riba. Tuseme nyumba moja inajengwa kwa dola 10 000 za deni. Kama riba ni 18 kwa 100 kwa mwaka, riba peke yake ni dola 1 800, ni kusema dola 150 kwa mwezi, na deni lenyewe halijapunguka hata dola moja. Kama riba ni 2 kwa 100, ni dola 200 kwa mwaka, karibu dola 17 kwa mwezi. Mukirudisha deni lenyewe katika miaka 30, munaongeza karibu dola 28 kwa mwezi. Jumla ya mwezi wa kwanza ni dola 45. Nyumba ni ile ile, simenti ni ile ile, fundi ni yule yule. Mumoja anaomba zaidi ya 150, mwingine anaweza kuomba 45 na hapati hasara kwa deni lake.

Kutoka hapo tunapata kanuni moja ambayo ninaomba muishike: nyumba ya bei chini ya soko haishuki toka mbinguni. Ni lazima mutu ao kitu fulani kipunguze moja ya zile sehemu ine. Ao udongo unatolewa kwa bei ndogo, ao feza inapatikana bila riba kubwa, ao faida inafungwa kwa sheria. Yule anayeahidi nyumba ya bei ndogo na hasemi ni sehemu gani atapunguza, anatudanganya.

3. HAPA KWETU ZAMANI

Hapa Katanga wazee wetu walijua nyumba za bei ndogo. Union Minière, iliyoanzishwa mwaka 1906, ilikuwa kwanza inaleta watumishi kwa muda mufupi, kisha inawarudisha. Mwishoni mwa miaka ya 1920 ilibadilisha: ikataka mutumishi akae na bibi yake na watoto. Ikajenga kambi. Nyumba ilikuwa pamoja na kazi, na posho, na hospitali, na masomo. Kisha uhuru, mwaka 1967, Gécamines ikafuata na ikarizi mambo hayo.

Serikali ya kikoloni nayo ilianzisha mwaka 1952 biro iliyoitwa Office des Cités Africaines, OCA kwa kifupi. Ilijenga mitaa mizima katika miji mikubwa: Matete, Lemba na Bandalungwa kule Kinshasa, Bagira kule Bukavu, Ruashi hapa kwetu Lubumbashi. Tuseme ukweli: ile ilikuwa miji iliyogawanywa kwa rangi ya ngozi, mweusi huku na mweupe kule, na nyumba hazikujengwa kwa upendo tu, bali kwa kushika watumishi karibu. Lakini nyumba zenyewe zilisimama, na nyingi zinasimama hata leo.

Kwa nini basi habari haikuendelea? Naona sababu mbili, na zote mbili ni masomo.

Somo la kwanza: nyumba iliyofungwa kwa kazi inakufa pamoja na kazi. Wakati kampuni iko na nguvu, kila kitu ni kizuri. Gécamines ilianguka miaka ya 1990, na mwaka 2003 watumishi zaidi ya 10 000 waliondoka kwa mupango ulioitwa « départs volontaires ». Pahali mushahara, hospitali na masomo ya watoto vilitoka katika mulango mumoja, mulango ule ukifungwa, jamaa inapoteza vyote siku moja. Na hata mbele ya pale, mutumishi aliyefukuzwa aliogopa kuliko mutu mwingine, kwani alijua kwamba anapoteza na paa pia.

Somo la pili: nyumba iliyouzwa kwa bei ndogo inakuwa ya bei ndogo mara moja tu. Yule wa kwanza anapata bahati. Akiiuza, anauza kwa bei ya soko. Akiipangisha, anapangisha kwa bei ya soko. Musaada wa Leta unabaki katika mufuko wa mutu mumoja, na mutoto wa jirani aliyezaliwa miaka 20 nyuma yake hapati kitu. Kwa hiyo, kama tunataka nyumba ambayo inasaidia mwalimu wa leo na mwalimu wa kesho na wa kesho kutwa, kuko faida kubwa kuiacha nyumba ya kupanga, na kulinda bei yake.

4. MUJI ULIOKUWA NA NJAA

Sasa twende Ulaya, katika inchi ya Austria, katika muji wake mukubwa unaoitwa Wien, ambao katika vitabu vyetu vya kifaransa tunausoma Vienne.

Mwaka 1918 vita ilikwisha na ufalme mukubwa ulivunjika. Wien ilikuwa kichwa kikubwa juu ya mwili mudogo. Kulikuwa njaa, feza iliharibika, watu walikata miti kandokando ya muji kwa kupata kuni. Nyumba za watumishi zilikuwa mbaya: chumba na jiko, maji ya robinet moja katika kuluari kwa jamaa nyingi, choo inje katika kuluari vilevile. Kulikuwa na watu ambao hawakupanga chumba, walipanga kitanda tu! Mumoja analala usiku, mwingine anayetumika usiku analala mchana katika kitanda kile kile.

Mwaka 1919 chama cha watumishi kilishinda uchaguzi wa muji. Na mwaka 1923 Hugo Breitner, aliyechunga feza za muji, alianzisha kodi ya ujenzi wa nyumba. Kila nyumba ya muji ilipaswa kulipa, lakini kwa kupanda kama ngazi: nyumba ya mutu mudogo ililipa kitu kidogo sana, na nyumba za anasa zililipa sana. Nyumba za bei kubwa kabisa, ambazo hazikufika hata 1 kwa 100 ya nyumba zote, zilileta zaidi ya 40 kwa 100 ya kodi ile. Mutaelewa kwamba Breitner hakupendwa na kila mutu.

Sasa kumbukeni kanuni yetu ya sehemu ine. Muji ulijenga kwa feza ya kodi, haukukopa katika banki. Basi riba ikawa zero. Tena kwa sababu bei za kupangisha zilikuwa zimefungwa kwa sheria tangu wakati wa vita, hakuna tajiri aliyetaka kununua udongo kwa kujenga nyumba za kupangisha. Basi udongo ukawa wa bei ndogo, na muji ukaununua. Na faida haikutafutwa. Sehemu tatu kati ya ine zilipunguka mara moja! Mupangaji alibaki kulipa karibu matengenezo na ulinzi wa nyumba tu, karibu 4 kwa 100 ya mushahara wa mutumishi.

Kati ya 1923 na 1934 walijenga nyumba zaidi ya 60 000. Ile inayojulikana sana inaitwa Karl-Marx-Hof, kazi ya fundi Karl Ehn, iliyojengwa kati ya 1927 na 1930. Ni jengo moja lenye urefu wa zaidi ya kilomita moja, na ndani yake nyumba 1 382. Vyumba vilikuwa vidogo, hakuna anayeficha hivyo. Lakini kila nyumba ilikuwa na maji na choo chake ndani, na katika kiwanja kati ya majengo kulikuwa masomo ya watoto wadogo, pahali pa kufulia nguo, pahali pa kuoga, maktaba na pahali pa dawa.

Mwezi wa februari 1934 kukawa vita ya ndani, na askari wa serikali walipiga jengo lile kwa mizinga. Chama kile kilikatazwa. Kisha ikafika vita ya pili ya dunia. Lakini nyumba hazikuuzwa, na kisha 1945 muji ukaanza tena kujenga.

5. LEO WANAFANYA NAMNA GANI?

Leo Wien ina watu karibu milioni mbili, na karibu nusu yao wanakaa katika nyumba ambazo musaada wa Leta umeshusha bei yake. Nyumba zile ni za namna mbili.

Za kwanza ni za muji wenyewe, karibu 220 000. Za pili, karibu 200 000, ni za mashirika ya nyumba ambayo sheria inayafungia faida. Hii ya pili ni muhimu kwetu, kwani inaonyesha kwamba si lazima Leta ifanye yote. Sheria yao ya mwaka 1979, iliyofuata zingine za mbele, inasema: shirika liombe bei inayolipa gharama ya kweli, lisizidishe, na faida kidogo ikipatikana, irudi katika kujenga nyumba zingine ao kutengeneza za zamani. Kisha deni la jengo likikwisha kulipwa, bei inashuka. Fikirini kidogo: nyumba inazeeka, na bei inashuka! Kwetu nyumba inazeeka, manjanja yanatoboka, na bei inapanda.

Feza inatoka wapi? Kwa miaka mingi ilitoka katika mishahara: 1 kwa 100, nusu inatolewa na mutumishi na nusu na patroni wake. Ni kama likilimba ya inchi nzima. Kila mutu anatia kidogo kila mwezi, na mufuko haukauki. Muji unakopesha feza ile kwa riba ndogo sana, na feza inaporudi inakwenda tena kujenga.

Udongo unatoka wapi? Tangu mwaka 1984 kuko mufuko wa muji wenye kazi ya kununua viwanja mbele ya wakati, bei ikiwa chini bado. Tangu 1995, kwa viwanja vikubwa, wajenzi wanashindana. Lakini hawashindani kwa bei tu. Wanaangaliwa gharama, uzuri wa mupango, na mambo ya moto, maji na hewa. Tangu 2009 wanaangaliwa pia namna watu watakavyoishi pamoja. Na tangu 2019, pahali pakubwa panapogeuzwa kuwa pa makazi, sehemu mbili kwa tatu ya nafasi ya nyumba zipaswa kuwa za bei ya musaada. Mwenye udongo akijua hivyo mbele, hawezi kuomba bei ya wazimu.

Nani anaweza kuingia? Hapa ndipo wageni wanashangaa. Mupaka wa mapato umewekwa juu sana, hata karibu watu watatu kwa ine wa muji wanaweza kuomba. Mwalimu anaweza, muuguza, mwenye kuendesha tramu, karani. Na kisha kuingia, mapato yako yakipanda, hawakufukuzi. Wameweka hivyo kwa sababu tatu:

— Kama nyumba za musaada ni za masikini peke yao, muntu akisema anakaa pale, wengine wanamuzarau, na mutaa unaachwa bila kutengenezwa. Kama mwalimu na mufagiaji wanakaa katika ngazi moja, taa ya ngazi ikikufa wote wawili wanapiga kelele, na wakubwa wanasikia.

— Mutu asiogope kuongezewa mushahara. Kama kuongezewa dola 20 kunakupotezea nyumba, utaomba patroni asikuongezee!

— Kitu ambacho watu wengi wanakitumia, watu wengi wanakilinda. Ndiyo maana hakuna aliyeweza kuuza nyumba zile zote, hata wakati miji mingine ya Ulaya iliuza zake.

Tena mupangaji akikufa, bibi ao watoto waliokaa naye ndani wanaweza kuendelea na mukataba. Linganisheni na ile nyumba ya kambi.

6. MAULIZO YA WENYE KUPINGA

Nilipozungumza habari hii katika dortuari, wenzangu walinipinga kwa nguvu. Ninaandika maulizo yao, kwani ni mazuri.

« Juu ya nini kusaidia mwenye mushahara, na masikini anabaki inje? » Hili ndilo ulizo gumu zaidi. Jibu la kwanza: mutu wa katikati akikosa nyumba yake, anashuka kutafuta ile ya masikini. Ana dola kumi zaidi, basi anaipata. Masikini anasukumwa mbele mpaka katika majani. Ukijengea wa katikati, unapunguza musukumo ule. Jibu la pili: hilo peke yake halitoshi, lazima kuwe na sehemu ya walio chini kabisa katika jengo lile lile. Hata Wien haijamaliza jambo hili: mutu lazima awe amekaa muji ule miaka miwili mbele ya kuomba nyumba ya muji, na mashirika mengi yanaomba feza ya kuingia, kwa hiyo mugeni na masikini wanateseka bado katika soko la kawaida.

« Si inatosha Leta ikataze bei kubwa? » Kukataza kunasaidia yule aliye ndani tayari. Lakini kukataza hakujengi hata ukuta mumoja. Tumeona kule Wien kwamba bei zilipofungwa, matajiri waliacha kujenga. Jambo lilifaulu kwa sababu muji ulichukua mwiko wenyewe ukajenga. Na sheria yetu ya garanti ya 2015 inaonyesha kitu kingine: pahali nyumba ni chache, sheria inabaki katika karatasi, kwani mupangaji anaogopa kushitaki.

« Bei ya musaada itadumu siku ngapi? » Ulizo la akili. Katika jimbo la New York, Marekani, walipitisha mwaka 1955 sheria inayoitwa Mitchell-Lama, kwa watu wa katikati kabisa kama hawa tunaozungumza. Wajenzi walipata deni la riba ndogo na kupunguziwa kodi, nao wakafungiwa faida. Nyumba nyingi sana zilijengwa. Lakini sheria ilifungua mulango: kisha miaka 20, mwenye jengo aliweza kulipa deni lake na kutoka katika mupango. Wakati bei za soko zilipanda, wengi walitoka, na makumi ya maelfu ya nyumba yalirudi katika bei ya soko, na wazee waliokuwa ndani wakashituka. Basi ukisoma mupango wa nyumba, usiangalie bei ya mwaka wa kwanza tu. Tafuta mustari unaosema mupango unakwisha lini.

« Kwetu watagawanyia ndugu zao. » Ndiyo, hatari hiyo iko. Dawa yake inajulikana: majina ya wanaongoja yabandikwe inje pahali kila mutu anaweza kusoma, na namba ya kila mumoja, ufunguo utolewe mbele ya watu, na hesabu za nyumba zisomwe kila mwaka mbele ya wapangaji. Kitu kinachofanyika katika mwangaza ni vigumu kukiiba.

7. TUNAWEZA KUANZIA WAPI?

Hatuna kodi ya Breitner, na mishahara mingi ya inchi yetu haipiti katika karatasi hata tukate 1 kwa 100. Kwa hiyo tusiseme tujenge kilomita moja ya nyumba. Lakini kanuni ya sehemu ine inafanya kazi hata kwa kitu kidogo.

Mashirika mengi, masomo mengi, hospitali nyingi ziko na udongo ambao umelala. Sehemu (a) ni zero tayari. Tuseme shirika linajenga nyumba sita za mustari mumoja kwa walimu na wauguza, na kila moja inagharimu dola 6 000. Jumla ni dola 36 000. Kama feza ile inatolewa bila riba na kurudishwa katika miaka 15, ni dola 2 400 kwa mwaka, ni dola 200 kwa mwezi, ni karibu dola 33 kwa kila nyumba. Ongezeni dola 7 za matengenezo: dola 40. Mutu wetu wa dola 180 analipa chini ya moja kwa ine ya mushahara wake, na anakwenda kazini kwa miguu. Kisha miaka 15 deni limekwisha, na zile dola 33 zinaanza kujenga nyumba ya saba. Hii ni hesabu ya mufano, bei ya simenti inabadilika. Kila mutu anaweza kuirudilia na bei za mutaa wake.

Lakini kumbukeni masomo yetu mawili. Mukataba uandikwe kwamba mwalimu akiacha kazi ao akikufa, jamaa yake isitupwe inje kesho yake, bali wapewe muda wa kutosha, hata mwaka wa masomo wa watoto ukwishe. Na iandikwe kwamba nyumba haziuzwi, hata siku ambayo mutu mwenye feza nyingi atakuja.

Ulizo gumu linalobaki ni hili: nani atatoa dola 36 000 za kwanza bila riba? Sina jibu la raisi. Ndiyo maana ninalileta katika cercle yetu ya mazungumzo, juma tano kisha saa ya mwisho. Wale wanaojua hesabu walete hesabu. Wale ambao wazazi wao wanapangisha nyumba waje pia wasituogope, kwani tunataka kusikia upande wao: simenti inawagharimu, na kuko wapangaji wasiolipa.

Mbele ya hapo, kila mumoja afanye kazi ndogo nyumbani. Uliza wazazi kwa heshima: tuko na mukataba wa kuandikwa? Garanti tulilipa miezi mingapi, na risiti iko wapi? Muwe na adabu, musiwaaibishe wazazi mbele ya wageni. Lakini mutoto wa miaka kumi na tano anayejua kusoma anaweza kusoma mukataba, na nyumba nyingi zimepotea kwa sababu hakuna mutu aliyeusoma.



Kapita wa wanafunzi, mwaka wa mwisho